Jina la Aliyeosha

Nina kijitabu chenye jalada la buluu nilichokinunua nikiwa kidato cha nne, kwa ajili ya hesabu. Hesabu zenyewe ziliishia ukurasa wa sita. Kuanzia ukurasa wa saba kuna majina ya wanawake, jina na tarehe, basi. Ni wanawake niliowaosha walipofariki, mimi na shangazi yangu Bi Subira. Huyasoma Ijumaa nikiwaombea dua. Mwaka huu ulipoanza yalikuwa thelathini na moja.

Shangazi ndiye aliyenilea na kunifundisha. Alikuwa mwosha wa hapa Bongwe tangu mimi sijazaliwa. Akiitwa, alichukua kikapu chake chenye kafuri, pamba na majani ya mkunazi, akaenda, na mimi nyuma yake nimebeba ndoo. Alinifundisha kumfunika marehemu muda wote, kupitisha mkono chini ya nguo, kumwaga maji kuanzia kulia, kusuka nywele mafundo matatu. Alinifundisha pia mambo mawili ambayo hayahusu maji. La kwanza, mwosha hadai malipo. La pili, mwosha hasemi alichokiona. Alama, kovu, ugonjwa, mimba, yote yanazikwa na mwenyewe.

Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoninyima kazi, na ndiyo maana nayatanguliza.

Mwezi wa pili, kaka yangu Jaafar, anayeendesha bodaboda Ukunda, aliniletea picha ya tangazo kwenye simu yake. Hospitali moja ya binafsi kando ya barabara ya kwenda Msambweni ilikuwa imefungua mochari mpya. Jina lake silitaji. Ilikuwa ikitafuta mhudumu wa kike, anayejua kuosha maiti kwa utaratibu wa Kiislamu, kwa sababu wenyeji walilalamika kwamba wanawake wao wanashikwa na wanaume.

"Dada, hili tangazo limekutaja wewe, limesahau jina tu," Jaafar alisema.

Mimi nilikuwa nimekaa bila kazi tangu nyumba za wageni za Tiwi nilizokuwa nikizifulia mashuka ziuzwe. Binti yangu Esha alikuwa nyumbani kwa kukosa karo, anasoma vitabu vya mwaka uliopita. Kazi ya mwezi kwa mwezi, karibu na nyumbani, na kazi ninayoijua! Nilimwendea shangazi nikiwa na hofu moja tu.

"Thawabu na mshahara vitakaa vipi sahani moja?" aliniuliza. Halafu akaenda mwenyewe kumuuliza imamu, akarudi ametulia. "Amesema watakulipa kwa kukaa pale kutwa ukingoja. Kuosha kwenyewe kunabaki kwa Mungu. Nenda, mwanangu. Mimi nataka nikuone na kazi kabla sijaoshwa."

Alikuwa anaumwa na alijua. Mimi nilijifanya sijui.

Usaili wa kwanza ulikuwa wa kukaa kwenye benchi. Tulifika wanawake saba saa mbili asubuhi, tukaonana na afisa wa wafanyakazi, Bwana Enos, saa nane mchana. Alipekua karatasi zangu haraka haraka.

"Cheti cha tabia njema kiko wapi, madamu?"

"Tangazo halikukitaja."

"Tangazo ni muhtasari. Lete cheti."

Nilienda Kwale kutoa alama za vidole, nikarudi kukifuata baada ya wiki tatu. Nilipokileta alitaka barua ya chifu. Nilipoleta barua ya chifu alitaka ya imamu, na nilipoleta ya imamu akasema ile ya chifu haina muhuri unaoonekana vizuri. Sikulalamika. Nilijiambia kwamba kazi ya kushika watu wasioweza kujitetea inafaa iwe na milango mingi.

Usaili wa pili ulikuwa mbele ya jopo la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Bi Monicah, meneja wa hospitali, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya upole. Kando yake alikaa Bwana Enos na mzee mmoja wa tai ambaye hakufungua mdomo mpaka mwisho.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?" Bi Monicah aliuliza.

"Kumi na minne."

"Vizuri sana. Mwajiri wako alikuwa nani?"

"Sikuwa na mwajiri."

"Nani alikuwa akikulipa?"

"Hakuna. Kwetu hii ni faradhi. Wachache wakiitekeleza, wengine wote wamesameheka."

Walitazamana. Bwana Enos akauliza kama nina pesilipu hata moja, au barua ya kuachishwa, au picha nikiwa kazini. Picha! Nilimwambia hapana, na nilimwambia kwa adabu.

"Basi kwenye tajriba tunaandika sifuri," alisema, akaandika. Niliiona ile sifuri. Aliichora kubwa, ya duara, kama aliyekuwa akiifurahia.

Ndipo Bi Monicah akauliza swali ambalo alidhani linanisaidia. "Tusimulie basi. Tuambie jambo gumu uliloliona kwenye mwili wa marehemu, na jinsi ulivyolikabili."

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hujaona?"

"Nimeona. Lakini anayeosha hasemi."

Alicheka, si kwa ubaya. "Dada Twaiba, hapa si matangani. Hii ni intavyu. Mtu asiyejieleza tutampaje alama?"

Niliwashukuru, nikatoka. Nyumbani nilimsimulia shangazi, akaegemea mto wake akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemuuliza: mama, siku yako ikifika, ungependa aliyekuosha aende akajieleze?"

"Halikunijia, shangazi."

"Majibu mazuri hayapandi gari. Yanakungoja Bongwe."

Tulicheka mpaka akapaliwa. Nakumbuka kicheko kile vizuri, kwa sababu baada ya hapo hatukucheka tena namna ile.

Mwezi wa nne, Bwana Enos alipiga simu saa tatu asubuhi. Alisema nimefaulu kuingia hatua ya tatu, usaili wa vitendo. Niende mara moja, saa hiyo hiyo, nisichelewe. Jaafar alinipeleka mbio. Nilimkuta mama mmoja kutoka Samburu, kule barabara ya Nairobi, ambaye alikuja kumtazama mwanawe na mauti yakamkuta huku. Jamaa zake walikuwa wamesimama nje hawajui pa kuanzia. Niliwapa pole, nikavaa glavu, nikaomba maji ya vuguvugu.

Bwana Enos aliingia nyuma yangu na ubao wake wa kuandikia.

"Kaka, hapa mwanamume haingii," nilimwambia.

"Mimi si mwanamume, mimi ni msahili. Nitakupaje alama bila kuona?"

"Mbona mliandika kwenye tangazo mnataka mwanamke?"

Alibaki pale mlangoni. Nikafunga mlango. Niliosha, nikakausha, nikamvika sanda vipande vitano, nikawaita wanawake wa kwao wamuage. Binti yake alinishika mkono. Nilipotoka, Bwana Enos alinionyesha fomu kwa mbali: *Hakutoa ushirikiano kwa msahili.*

Niliandika jina la yule mama kwenye kijitabu. La thelathini na mbili.

Mwezi wa tano niliitwa usaili wa vitendo mara mbili. Mara ya kwanza Bwana Enos alisema fomu ya mwanzo imepotea. Mara ya pili alisema Bi Monicah anataka kulinganisha. Mara zote nilikuta mwanamke amelala pale ananingoja, na jamaa zake wanaangalia saa kwa sababu kaburi limeshachimbwa. Sikuwaza lolote. Marehemu akiwa mbele yako huwazi mengine. Niliosha na kurudi nyumbani, na Jaafar akawa ananitania njiani.

"Usaili wa tano huu, dada? Hata kuposa hakuendwi mara tano. Baba mtu angekuwa ameshakubali kwa kuchoka."

"Endesha."

"Mimi nasema tu. Pengine wanataka kukuoa."

Mwezi wa sita ulipoanza nikatumiwa ujumbe: usaili wa mwisho, ofisini, Alhamisi, saa tatu asubuhi, mbele ya mkurugenzi. Mshindi angetangazwa papo hapo. Niliifua buibui yangu nzuri. Shangazi, ambaye wakati huo hakuweza tena kuketi peke yake, alitaka aione imepigwa pasi. Alipitisha vidole kwenye ukosi wake. "Usiwajibu kwa hasira," aliniambia. "Wajibu kama unamwaga maji. Polepole, kuanzia kulia."

Alhamisi ile, kabla ya jua kuchomoza, Bi Subira alifariki.

Nilimfunga kidevu na kumnyoosha miguu. Kulipopambazuka nikampigia Bwana Enos. Nilimweleza kwamba nimefiwa na mama yangu mlezi, kwamba anazikwa adhuhuri, na kwamba naomba nije Ijumaa, au Jumatatu, au hata siku hiyo hiyo jioni.

"Pole sana, madamu," alisema. "Lakini mkurugenzi ametoka Nairobi. Hakuna mtu mwingine wa kumwosha?"

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila mara hunichoma upya. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuosha maiti. Walinipeleka Kwale na kunirudisha, walihesabu mihuri yangu, walinipa sifuri kwa kukosa ushahidi. Na siku niliyokuwa na maiti mikononi, maiti wa yule aliyenipa kazi hiyo, ushauri wao ulikuwa nimwachie mtu mwingine nikafanye usaili wa kuosha maiti.

"Hakuna," nilimwambia. "Wa kumwosha ni mimi."

Nilimwosha shangazi yangu. Jirani yetu Kadzo alishika ndoo, nafasi iliyokuwa yangu. Yako niliyoyaona, na hayo siyaandiki. Waliponisaidia kumvika sanda nilisikia mwanamke mmoja nje akisema ule msemo wa siku zote, kwamba mwosha huoshwa, nikakaza fundo la mwisho.

Saa saba wanaume walimbeba. Sisi wanawake tulibaki uani. Niliivaa ile buibui iliyopigwa pasi, nikamwambia Kadzo narudi sasa hivi. Kutoka matangani siku ya maziko ni aibu, najua, na walionisema walikuwa na haki. Nilipanda tuktuk nikafika hospitali saa nane na dakika chache, mikono yangu bado inanukia kafuri.

Bwana Enos alikuwa anakula. "Jopo limeondoka," alisema. "Nimeandika kwamba hukujitokeza."

"Lakini nilikupigia."

"Utaratibu hauna safu ya kupigiwa simu. Kuna aliyekuja na asiyekuja." Akaniangalia buibui. "Pole kwa msiba."

Nilirudi matangani. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu ilipita, hitima ikasomwa, watu wakatawanyika, na nyumba ikawa na sauti yangu na ya Esha tu. Kikapu cha shangazi kilibaki kimening'inia msumarini pake. Nilijua kazi imeshakwenda na nikaanza kuzoea.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Bwana Enos. Sauti yake ilikuwa laini kama siki iliyotiwa sukari.

"Madamu Twaiba, una bahati. Wamekupa nafasi ya mwisho kabisa. Usaili wa vitendo. Uje sasa hivi."

Nilitaka kukata simu. Lakini nilimsikia nyuma yake mtu akilia, mwanamke, na akiuliza kwa Kidigo huyo mwoshaji yuko wapi. Nilikiteremsha kile kikapu.

Kwenye chumba cha kuoshea nilimkuta msichana wa miaka kama ishirini na mitatu, amevaa sare ya kijani iliyoshonewa jina kifuani: Purity. Alikuwa amesimama amebana ukuta, mbali kabisa na marehemu.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mhudumu." Akatazama chini. "Wameniambia nikuangalie ili nijifunze. Mimi nimesomea mochari Nairobi, najua za dawa na friji. Hii ya kuosha ya Kiislamu sijui. Na aki dada, nikiwa peke yangu naogopa."

Marehemu alikuwa bibi mzee, mwepesi kama mtoto. Nilifanya kazi yangu. Nilimweleza Purity kila hatua kwa sauti ya chini, kama nilivyoelezwa, kwa sababu hakuna aliyezaliwa anajua. Alimwaga maji nilipomwelekeza. Mara ya tatu alimwaga bila kuelekezwa. Baada ya kumfunga sanda na kuwaita jamaa zake, nilikaa kwenye kiti nikamuuliza.

"Umeanza lini hapa?"

"Tarehe mosi mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano?"

"Ndio. Mimi niliitwa mara moja tu, dada. Kwa simu. Bwana Enos ananijua, anatoka kwetu. Aliniuliza kama niko tayari kuishi Pwani, nikasema ndio, akanitumia barua. Kabla ya leo, akifa mwanamke wa Kiislamu alinituma ofisini."

Tarehe mosi mwezi wa tano. Usaili wangu wa vitendo wa pili ulikuwa tarehe tisa ya mwezi huo. Wa tatu, tarehe ishirini na mbili. Siku shangazi anafariki, mshindi aliyekuwa atangazwe papo hapo alikuwa ameshapokea mshahara wa kwanza. Nilipokuwa nimesimama mbele ya Bwana Enos na mikono inanukia kafuri, naomba nisiandikwe kwamba sikujitokeza, hapakuwa na kitu cha kujitokeza.

Hawakuwa wananisaili. Walikuwa wakiniita kila mara mwanamke wa Kiislamu alipofariki mikononi mwao, na kwa sababu walijua nitakuja nikiambiwa ni usaili, waliita usaili. Ile Alhamisi ya mkurugenzi nayo ilikuwa chambo, nisichoke kuja.

Na uchungu ni kwamba ningekuja hata bila hivyo. Wangesema tu, Twaiba, kuna mwanamke hapa hana wa kumwosha. Ningeacha chungu jikoni nikaja. Hawakuhitaji kunidanganya.

Purity alikuwa amefungua rejista, kitabu kikubwa cha jalada gumu. "Dada, nisaidie kujaza. Hapa wanauliza sanda vipande vingapi."

"Vitano."

"Na hapa ni jina la aliyeosha." Alikuwa ameshaanza herufi P. Akasita mwenyewe.

"Hebu nione."

Nilifunua nyuma. Mama wa Samburu, mwezi wa nne. Jina la aliyeosha: *Mhudumu*. Mwezi wa tano, wa kwanza: *Purity*. Mwezi wa tano, wa pili: *Purity*. Mwandiko ulikuwa mmoja, na sifuri za kwenye tarehe zilikuwa kubwa, za duara. Nilizijua.

Nilikitoa kijitabu changu cha buluu kwenye kikapu nikakiweka kando ya rejista. Jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, vililingana. Ushahidi walioutaka kwangu walikuwa nao muda wote, kwenye rafu yao, wameutia jina la mtu mwingine.

"Nipe kalamu," nilimwambia Purity.

Alinipa. Nilipiga mstari juu ya *Mhudumu*, mstari mmoja ulionyooka ili neno liendelee kusomeka, nikaandika kando: Twaiba Chirau. Nikaja kwa wa pili. Twaiba Chirau. Wa tatu. Twaiba Chirau. Niliandika polepole. Nilikuwa kwenye mstari wa mwisho, wa yule bibi mwepesi, Bwana Enos alipoingia na Bi Monicah nyuma yake.

"Wewe! Unafanya nini? Hiyo ni hati ya hospitali! Unaharibu hati!"

"Naitengeneza."

"Nitakupeleka polisi!"

"Nipeleke. Nina cheti cha tabia njema, ulikitaka mwenyewe."

Purity alifunika mdomo. Bi Monicah alisogea akaisoma rejista, kisha akakisoma kijitabu changu, kidole kikishuka kutoka tarehe moja hadi nyingine.

"Enos," alisema, "si uliniambia huyu aliacha kuja?"

Bwana Enos alianza kueleza habari za utaratibu. Mimi sikungoja. Bi Monicah aliniambia kwamba watalitazama upya suala hili, kwamba huenda nikaitwa tena, na nikamtazama usoni kuona kama anajua alichokisema. Alikuwa hajui. Basi jibu la Bongwe likanijia pale pale, safari hii halikuchelewa.

"Mama," nilimwambia, "siku yako ikifika, aliyekuosha utapenda aandikwe jina la nani?"

Nilichukua kikapu cha shangazi. Mlangoni nilimgeukia Purity.

"Akija mwanamke mwingine, nipigie wewe mwenyewe. Usimpe simu mtu. Nitakuja, na tutaosha pamoja mpaka ujue. Lakini jina utaandika la aliyeosha."

"Sawa, dada."

"Siku utakayoosha wewe, andika lako."

Jaafar alikuwa ameegesha pikipiki kwenye kivuli cha ukuta, anatafuna muhogo wa kukaanga. Aliponiona alisimama.

"Wamekupa?"

"Hawakunipa."

"Sasa mbona umekaa muda wote huo?"

Nilipanda nyuma, nikakipakata kikapu, nikahakikisha kijitabu kimo ndani.

"Kulikuwa na fomu yao ya kujaza," nilimwambia. "Walikuwa wameikosea."